Shanga za Akiru

Jelagat, muuguzi aliyetoka Baringo, aliamka amechoka na kufika kliniki ya Lodwar amechoka zaidi. Kila mwezi alimwambia Akiru, mama mjamzito, avue shanga zilizomjaa shingoni ndipo apande mizani, na kila mwezi Akiru alikataa bila kusema neno. Jelagat alimwona mkaidi tu.

Siku hiyo Akiru alikuja shingo tupu. Akapanda mizani bila kuambiwa.

“Afadhali leo umenisikia,” Jelagat akasema, macho kwenye mizani.

Akiru akashuka kwenye mizani. Mama aliyemfuata kwenye foleni ndiye aliyesema, polepole, “Sista, kwetu mke huvua shanga akifiwa na mumewe. Wamemzika juzi.”

Miezi yote hiyo, kumbe Jelagat alikuwa akimwomba Akiru awe mjane.