Kitufe Kimetoroka Kwenye Kioo cha Kompyuta

Leo mimi kuli, niliyeishia darasa la sita, nimemfundisha fundi wa kompyuta kazi yake.

Hapa ghalani Tunduma hatushushi gunia bila karatasi ya mzani. Lori la mahindi limefika, turubai limeshafunguliwa, mvua hiyo inakuja. Dada Neema wa ofisini anahangaika: kitufe cha kuichapisha hakionekani kwenye kompyuta!

Kisa? Bosi kachukua kioo kikubwa akaonyeshee mpira, katuachia kidogo. Kitufe kimebaki huko chini, nje ya kioo.

Neema akampigia fundi aliyetengeneza programu, simu kaiweka spika.

"Mbona kwangu kinaonekana vizuri?" fundi akauliza.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti dirishani:

"Kaka, umepanga mzigo wa semi, lile lori refu la trela, sisi tumeletewa Kenta, kilori kidogo! Gari likibadilika unapanga upya, huachi magunia yaning'inie nje!"

(Nikajua kazi sina.)

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Muda si mrefu katuma programu mpya: kioo kikiwa kidogo, vitufe vinajisogeza vyenyewe. Karatasi ikatoka, tukashusha mbio. Gunia la mwisho linaingia, mvua ikamwagika.

Mgongo hauna hali, ila nacheka peke yangu.

Ndugu zangu wa nyumbani Kasulu, mama akiwauliza nafanya kazi gani huku, mtamjibuje: kuli, au mwalimu wa mafundi wa kompyuta?