Kiti Kitupu katika Banda la Video

Juzi niliingia banda la video hapa Garsen kutazama filamu iliyotokana na riwaya niipendayo, kisa cha mwalimu mwenye ugonjwa wa akili. Filamu ni ya Kiingereza, na kama kawaida ya banda letu, mfasiri alisimama kando ya televisheni akitupa Kiswahili kwa sauti ya kushindana na jenereta.

Mwalimu akaanza kuzungumza na kiti kitupu. Mfasiri akakuna kichwa.

"Hapa anaongea peke yake. Kichaa!"

Banda zima likacheka. Nami nilicheka, na kitabu nimekisoma mara mbili.

Mama mmoja wa Kiorma, muuza maziwa, mitungi yake mitupu miguuni, hakucheka. Aliinua kidole.

"Wewe kijana, haongei peke yake. Binti yangu alitusomea hicho kitabu nyumbani. Iko mtu kwa hicho kiti. Mimi nilimsikia."

"Mama, mbona hapa haonekani?"

"Hiyo video yako haimuoni. Ndugu yangu iko na mtu kama huyo. Aliposomewa, aliuliza: huyu mwandishi, nani alimwambia habari yangu?"

Kicheko kilikatika.

Sina ugomvi na kamera. Ila inaona kama tulivyozoea kuona sisi: mgonjwa kule, wazima huku. Kitabu kilinikalisha kichwani mwa mwalimu. Kaseti moja ilitosha kunitoa.

Mwalimu alipokirudia kile kiti, mfasiri alimtupia mama jicho, akapunguza sauti.

"Hapa," alisema, "anaongea na mwenzake."