Mbuzi yangu ya kukunia nazi ilivyopelekwa maabara

Salamu kwenu wakuu, na wadogo pia msikilize. Mimi ni nyanya wa watu hapa Msambweni. Sikusoma sana, na uwongo siuwezi.

Kwetu kukiwa na harusi, kila mwanamke huja na mbuzi yake ya kukunia nazi. Yangu alinifulia marehemu mume wangu kwa springi ya lori.

Harusi moja ilipokwisha zikabaki mbuzi mbili zilizofanana, moja kali, moja butu. Mimi na wifi yangu Mwanasha tukaigombania ile kali.

"Wifi, hii yangu, niliinunua Ukunda!"

"Ulinunua ile butu. Hii aliifua kakako, na wewe ulikuwako, umekaa ukila mihogo yangu."

Tukanuniana. Hata Idi hatukupelekeana sahani.

Mjukuu wetu Mwanaidi anasomea vyuma chuo cha ufundi Mombasa. Akasema, "Nyanya, chuma hakifichi kilivyopikwa. Nipeni hiyo kali nikaipime." Tukaapa kukubali majibu.

Akarudi na picha kwenye simu.

Wakuu, chuma hukatwa kipande, husuguliwa kwa msasa mpaka king'ae kama kioo, hupakwa asidi kidogo, ndipo hutazamwa kwa hadubini. Chuma laini cha dukani huonekana vipunje vyeupe kama mchele. Kilichotiwa moto kikachovywa ghafla majini huwa sindano tupu, zimelala ovyo kama makuti baada ya dhoruba.

Ilikuwa sindano! Nikapiga kigelegele, kuku wakatawanyika.

Mwanasha akasema, "Haya wifi, chukua yako."

Nikaidai. Mwanaidi akatazama chini.

"Kipande mlikikata wapi?"

"Penye meno, Nyanya. Ndipo babu alipopatia moto sawasawa."

Mbuzi ilikuwa kibogoyo kama mimi.

Mwanasha alicheka mpaka akakaa chini. "Ushahidi unao, wifi. Kunia huo!"

Na siku hiyo wageni wa kula kwangu walikuwa njiani. Basi tukakunia ile butu yake, kwa zamu, tukitukanana vizuri. Tangu hapo sahani zinakwenda na kurudi.

Funzo: ukitaka haki yako ipimwe, uliza kwanza itakatwa wapi.

Anayemjua mfua vyuma hodari upande huu aandike hapo chini. Anayetaka kucheka tu, acheke, lakini aje na nazi zilizokwisha kukunwa.