Mfungo wa Mama

Juzi, kwenye mazishi ya mama huko Nyamache, mchungaji alimsifu kuwa mwanamke wa kufunga na kuomba. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, malipo ya majani chai yakiwa yamechelewa. Jikoni kulijaa moshi wa kuni mbichi na harufu ya chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu. Mama alitugawia ugali sisi watoto, kisha akaanza kuosha sufuria.

"Na wewe, mama?" nikauliza.

"Mimi nimefunga. Naombea pesa za chai ziingie."

Nilidhani tukiomba wawili Mungu angeharakisha, kwa hivyo nikausukuma ugali wangu kando. "Basi na mimi nimefunga."

Akanirudishia sahani. "Kula, mwanangu. Nikifunga mimi inatosha."

Nilikula nimenuna, nikiona ananinyima baraka. Sikujiuliza kwa nini mifungo yake ilikuja unga ukikaribia kuisha.

Mchungaji alipomaliza, wanawake walianza kupakua wali na nyama nyuma ya hema. Shangazi akaniletea sahani iliyojaa.

"Kula kidogo," akasema. "Hujaonja kitu tangu asubuhi."

Nikamwambia nimefunga.