Uso wa Goodness

Tusidanganyane. Loisi alimchukia wifi yake Agnes, na Agnes alimchukia Loisi, na hakuna kati yao aliyejisumbua kuficha. Walikaa uwanja mmoja pale Ihanda, Agnes kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake, Loisi na mumewe Yesaya upande wa pili, katikati yao kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi hawakuamkiana. Aliyetangulia kufika bombani alijaza ndoo zake polepole, makusudi kabisa, ili mwenzake asimame na kusubiri.

Chuki hiyo ilianzia msibani. Goodness, mtoto pekee wa Loisi, alikuwa darasa la awali homa ilipomshika. Loisi alidhani ni malaria ya kawaida, akampa dawa ya dukani, akamlaza, akasema kesho tutakwenda hospitali. Kesho yake mtoto alibebwa akiwa hajitambui, na hakurudi. Walipotoka makaburini, Agnes akasimama mbele ya waombolezaji, wazee wa kanisa wapo, mama mkwe yupo, akasema: "Huyu mtoto hakufa. Alicheleweshwa. Mama yake alikuwa anasubiri nini?" Jamani, ndiyo maneno ya kumwambia mzazi aliyekaa chini mkekani? Watu waliinamisha vichwa na hakuna hata mmoja aliyemnyamazisha. Tangu siku hiyo Loisi hakumfungulia Agnes mdomo, kwa heri wala kwa shari.

Kilichomtafuna zaidi ni kwamba uso wa mwanawe ulianza kumtoka. Picha zote zilikuwa kwenye simu ya Yesaya, na simu hiyo ilikwapuliwa Tunduma na kijana mmoja wa bodaboda, akapotelea katikati ya malori. Jirani alikuwa na picha moja tu, ya sikukuu ya watoto kanisani, na humo Goodness amejificha nyuma ya mwavuli, linaonekana gauni. Basi Loisi akifumba macho aliona gauni. Aliona viatu. Uso ulikuja ukapotea, na kadiri siku zilivyokwenda ulikuja kwa nadra zaidi. Akaogopa sana. Akajiambia kwamba kabla haujafutika kabisa, atautengeneza kwa mikono yake.

Udongo aliujua. Kwao, kwenye milima ya Ileje, mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na Loisi alikua akiukanda. Lakini chungu ni kitu kingine na uso ni kitu kingine. Kichwa cha kwanza, kidogo tu cha kuenea kiganjani, kilipasuka juani toka paji mpaka kidevu. Cha pili alikikausha kivulini kwa uangalifu wote, akakichoma kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, kikalipuka motoni, kwa sababu alikifinyanga kizima bila kukichimba kwa ndani. Kwa kosa hilo mama yake angemzaba kofi. Alikusanya vipande vya pua na mashavu kwenye majivu, analia kwa hasira, na Agnes amekaa mlangoni kwake anachambua maharage.

"Wenzake wako kwenye kahawa," Agnes alisema kwa sauti, kama anayezungumza na kuku. "Yeye anachezea matope. Mtu mzima!"

Aliyemwonea Loisi huruma ni Samwel, rafiki wa Yesaya, fundi wa dari kule Mlowo. Alimletea masalio ya mfuko wa jipsamu, ule unga mweupe wa dari unaogeuka jiwe ukichanganywa na maji, akamwelekeza. Unafinyanga uso kwa udongo mbichi, hakuna kuchoma. Unaumwagia jipsamu mpaka lifanyike gamba gumu. Unaukwangua udongo wote utoke, unapaka sabuni ndani ya gamba, unamimina jipsamu nyingine, na ikishashika unalibomoa gamba kwa patasi, taratibu. Kinachobaki ni uso mweupe, mgumu.

"Ila ule wa udongo ndio umekwisha, shemeji," Samwel alimwonya. "Ukikosea mwishoni, unaanza upya toka mwanzo."

Akakosea, tena sana. Safari moja alisahau sabuni, gamba na uso vikashikana vikawa donge moja, akalitupa nyuma ya choo. Safari nyingine unga ulikuwa umeingia unyevu, ukabaki uji usioshika. Mabaki ya jipsamu aliyamwaga kwenye mfereji wa bafu, yakagandia humo humo, na bafu lenyewe ni la wote! Agnes aliogea kwenye maji machafu yaliyomfika vifundoni, na matusi yake yalisikika mpaka barabarani. Yesaya ndiye aliyeingia na nondo kuzibua, kimya, maana kati ya mke na dada alishajifunza kutosema kitu.

Hatimaye uso mmoja ukatoka salama. Mweupe, laini, macho mahali pake na pua mahali pake. Yesaya aliushika, akaugeuza huku na huku, akaurudisha mezani.

"Mtoto mzuri," alisema. "Lakini ni nani huyu?"

Loisi alitamani kumrushia ndoo. Tatizo ni kwamba mume alisema kweli. Akafinyanga tena, akamimina tena, akatoka mgeni yule yule. Kila vidole vilipofika mdomoni kilianza kujitokeza kitu kilichomchukiza, hata hajui ni nini, naye alikifuta haraka na kupalainisha. Uso ukabaki wa mwanasesere wa dukani. Alianza kuamini kwamba mtoto amemwacha kabisa, kwamba atazeeka akiwa na gauni na mwavuli tu, na wazo hilo lilimtia kichaa.

Siku mfereji ulipoziba tena, Agnes hakupigia kelele kwake. Alivuka uwanja, akainama chini ya kamba, akajaa kwenye mlango wa jiko ambamo Loisi alikuwa amekaa na udongo wake.

"Wewe Mndali wa Ileje, ulikuja kwetu kuolewa au kutuzibia mifereji? Hebu nijibu!"

Loisi aliinua macho. Agnes amekunja paji, kidevu amekitoa mbele, mdomo wa juu umevutika upande mmoja. Hivyo ndivyo Goodness alivyokuwa akisimama akinyimwa sukari. Ulikuwa uso ule ule! Ulikuwa ukipita uwanjani kila siku, na yeye alikuwa ameapa kutoutazama. Watu walisema tangu mtoto hajaota meno kwamba kafanana na shangazi yake, na Loisi aliwabishia wote, eti kachukua kwa bibi yake wa Ileje. Yesaya alijua pia, ila angeanzia wapi kulisema? Kumbe kitu alichokuwa akikifuta kwenye udongo ni Agnes. Katika watu wote aliowaumba Mungu, ni huyu!

Vidole vilishaanza kazi. Lakini Agnes alikwishasema la mfereji, anageuka zake, na akiondoka uso unaondoka naye. Kumwomba asimame? Thubutu! Loisi asingemwomba hata maji ya kunywa. Kumchokoza, hilo aliliweza.

"Nenda," alisema. "Nenda kaoge, unanuka."

Agnes aligeuka polepole. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwa Loisi tangu msibani. "Umesemaje?"

"Umenisikia. Mumeo mwenyewe alikuchoka akakurudisha, sisi tutakuwezaje?"

Lo! Agnes alisimama pale pale kwenye mwanga wa mlango, akamwaga yote. Mvivu, mchafu, mchawi wa visanamu, mla jasho la kaka yake. Loisi alimkodolea macho bila kupepesa, mikono ikifanya kazi mapajani, na kila Agnes alipoelekea kupoa alimtupia jingine la kumwasha. Paji likapatikana. Shavu likapatikana. Alijaa hasira na furaha, na hakujua ipi ni ipi.

"Muuaji!" Agnes alifoka. "Ulimchelewesha mtoto!"

Mikono ya Loisi ikasimama.

"Nilimchelewesha," alisema. "Nilimpa dawa ya dukani nikalala usingizi. Unadhani kuna siku nimesahau? Endelea."

"Niendelee nini?" Agnes aliuliza, na kwa mara ya kwanza akatazama chini, kwenye mapaja ya Loisi. Akauona udongo. Aliutazama muda mrefu, akapeleka mkono mdomoni kwake mwenyewe, akapapasa. Agnes hakujaliwa mtoto. Goodness alikulia mgongoni kwake, kila msimu wa kahawa mama yake akiwa shambani, na kufanana kwao ndicho kitu pekee alichowahi kukiringia hapa duniani. Midomo ikaanza kumcheza.

"Usilie," Loisi alisema kwa ukali. "Mdomo bado. Ukilia unaniharibia, na sina mwingine wa kumtazama."

Agnes alijifuta macho kwa pindo la kitenge. Akakitoa kidevu mbele. Akauvuta mdomo upande.

"Mchafu mkubwa wewe," alianza upya, sauti ikimkatika, "mvivu, hata kupika hujui," na Loisi akasogeza kigoda karibu na miguu ya Agnes, akaendelea kufinyanga.