Jina Langu Kwenye Sanduku la Barua la Ujerumani

Mjukuu wangu aliondoka kijijini kwetu Daa na barua mbili za utambulisho. Ya kwanza iliandikwa na mtendaji wa kijiji. Ya pili niliiomba kwa mchungaji wetu, nami kama mzee wa kanisa nikatia sahihi yangu kando ya muhuri. Zote mbili nilizipeleka steshenari Karatu mjini zikafunikwa plastiki, nikihofia mvua za huko aendako. Nilijivunia sana barua zile. Zilieleza ametoka wapi, ni mtoto wa nani, na kwamba mwenendo wake ni mwema. Kwetu mtu akihamia kijiji kingine, hata akienda Mang'ola kulima vitunguu msimu mmoja, hilo ndilo analoulizwa: umetoka wapi, na huko nani anakufahamu?

Alikuwa anakwenda Ujerumani kusomea uhandisi wa maji, kwa ufadhili. Mimi na bibi yake ndio tuliomlea tangu alipoanza kutembea. Alipokuwa sekondari nilimchukua kwenye safari ya kanisa kwenda Olbalbal, akaona akina mama wa kule wakitoka na punda asubuhi na kurudi na maji jua likiwa linazama. Siku ya tatu baada ya kurudi akaniuliza, "Babu, kazi ya kuyapeleka maji yasikokwenda yenyewe, inasomewa wapi?" Nilimwambia aendelee na hesabu, nami nitaendelea na sala, na kila mmoja akafanya sehemu yake.

Asubuhi ya kuondoka nilimketisha nikampa mausia niliyopewa na baba yangu. "Ukifika kwa watu, usiwe mtu wa kuombaomba. Kula unachopewa. Amka kabla ya mwenyeji. Akikuuliza kama unahitaji kitu, mwambie asante, nimetosheka. Mwenyeji mwema ataona mwenyewe."

"Nimesikia, Babu."

Bibi yake alikuwa anamfungia kanga sandukuni. Akasema, "Na ukisikia baridi? Useme umetosheka na baridi?" Tukacheka, na mausia yangu yakabaki vilevile.

Alipokelewa na mama mmoja mzee, mjane, mwalimu mstaafu, wa usharika ulio rafiki na dayosisi yetu. Akae pale hadi apate nafasi hosteli. Kwa siku kumi kila tulipopigiana simu alituambia ni mzima, chakula kizuri, mama ni mkarimu. Siku ya kumi na moja, ilikuwa Jumamosi mchana, alipiga kwa video. Nilikuwa nimepanda kwenye kichuguu cha juu ya shamba ambako mtandao unashika, bibi yake kando yangu akipepeta maharage. Niliona uso wake nikajua kuna jambo.

Alieleza taratibu. Nchi ile, mtu akihamia nyumba yoyote anapewa wiki mbili kwenda ofisi ya mji kuandikisha anapoishi. Anapewa cheti. Bila cheti hicho benki yake haikukubali kumfungulia akaunti, na bila akaunti fedha za ufadhili hazina pa kuingilia. Tena maombi ya kibali cha kukaa hayapokelewi, na viza yake inaisha.

"Si uende ukaandikishwe?" nikasema.

"Nilikwenda jana, Babu. Nilimpa karani pasi ya kusafiria na zile barua zetu mbili."

"Akasemaje?"

"Alizigeuza mbele na nyuma. Akasema ni nzuri. Halafu akaniuliza iko wapi karatasi ya mwenye nyumba. Huku hawaulizi nimetoka wapi, Babu. Wanauliza nalala wapi, na mwenye nyumba atie sahihi kwamba kweli nalala kwake. Nimepewa nafasi ya mwisho Jumatatu asubuhi. Nikiikosa hiyo, nafasi nyingine ni mwezi ujao."

"Basi mwombe mama huyo asaini."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nimwombe vipi?" akasema kwa sauti ndogo. "Ananilisha, amenipa kitanda cha binti yake. Kila asubuhi ananiuliza kama nahitaji kitu, nami namjibu asante, nimetosheka. Leo nimpelekee karatasi nimwambie andika hapa kwamba naishi kwako? Si ataona nimekuja kuidai nyumba yake?"

Bibi yake aliweka ungo chini. Alinitazama mimi, si simu. "Umemfundisha kunyamaza, na mtoto kanyamaza vizuri. Sasa mzee wa kanisa, mfundishe kusema."

Maneno yale yaliniingia. Nilitaka kumwambia mjukuu wangu asahau mausia yangu, lakini nilishindwa, kwa maana yalikuwa ya baba yangu na hayakuwa mabaya. Nikaomba kimoyomoyo. Kilichonijia ni jambo la nyumbani kabisa. Kwetu Wairaqw, na kwa majirani zetu wengi, mtoto haendi kuishi kwa watu hivi hivi. Anasindikizwa na mkubwa, mkubwa anaketi na mwenye nyumba, anamkabidhi kwa maneno. Tangu hapo mtoto si mgeni tena. Anatumwa, anakaripiwa, anaomba chumvi. Mjukuu wangu nilimsindikiza kwa karatasi tu. Hakuna aliyemkabidhi.

"Mama huyo yupo?" nikauliza.

"Yuko jikoni."

"Mwambie babu yako anataka kumsalimu. Wewe utatafsiri, na usipunguze neno."

Nilivaa koti langu vizuri. Akatokea mama mwenye nywele nyeupe fupi, miwani kifuani, unga mikononi. Nilimsalimu kama ipasavyo. Nikamuuliza habari za afya, za nyumbani, za mvua, za mifugo. Mjukuu wangu akatafsiri, mama akacheka akajibu.

"Anasema mifugo yake ni paka mmoja, na ni mvivu."

"Mpe pole," bibi yake akasema.

Kisha nikasema nililokusudia. "Mama, nimechelewa siku kumi na moja, nisamehe. Desturi yetu ni kumleta mtoto kwa mkono na kumkabidhi. Huyu ni mjukuu wetu. Leo mimi na bibi yake tunamkabidhi kwako. Akikosea mwonye. Akiwa na shida atakuambia, maana kuanzia sasa si mgeni. Na shida anayo, iko ndani ya mkoba wake."

Sentensi ya mwisho mjukuu wangu aliitafsiri polepole. Lakini hakupunguza neno. Mama alimgeukia, akasema jambo refu huku akitikisa kichwa.

"Anasemaje?"

"Anasema alidhani nasubiri kujiandikisha nikihamia hosteli. Anasema yeye ameniuliza kila asubuhi, na mimi nilikuwa najibu kama balozi wa nchi." Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Anasema nilete karatasi."

Simu iliegemezwa kwenye birika, tukaona yote. Mama alifuta unga mikononi, akavaa miwani, akasoma karatasi kutoka juu hadi chini kama mwalimu asahihishaye, akatia sahihi. Halafu akainua kichwa na kuuliza kitu kingine.

"Babu, anataka kujua kwenye sanduku la barua aandike jina gani. Kila nyumba ina sanduku mlangoni, na kama jina lako halipo, mwenye kuleta barua anazirudisha zilikotoka. Anataka jina la ukoo, lile la mwisho kwenye pasi."

Mtoto wetu ana majina matatu kama watoto wote wa nchi hii: la kwake, la baba yake, na la babu yake. La mwisho kwenye pasi ni langu. Nililitamka polepole, mama akalirudia mara mbili hadi likakaa sawa mdomoni mwake.

Jumatatu tulikuwa kichuguuni mapema, hatukungojea kuitwa. Ujumbe uliingia saa tano, wenye picha mbili. Moja ilikuwa cheti chenye muhuri wa mji. Nyingine ilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijivu, lenye jina la mama yule, na chini yake, kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa sawasawa, jina langu.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikiwa nimesimama. Bibi yake aliitazama picha ile muda mrefu, akanirudishia simu.

"Miaka yote hii hapa Karatu barua zako zinapitia sanduku la usharika," akasema. "Kumbe ulikuwa unangoja la Ulaya."

Mimi nilikuwa naitazama tena ile picha.