Gari la Msasa Lavuka Mpaka

Shemeji yangu wanamwita Msasa, na hata dada yangu aliyeolewa naye kesha kusahau kumwita vingine. Ni fundi wa bodi za magari. Bati likipondeka analinyoosha, anasiliba puti ya kuziba mashimo, anasugua, anapaka rangi, kisha anafumba macho na kupitisha kiganja taratibu. Kiganja kikikwaruzwa kidogo tu, anaanza upya. Ugonjwa huo anarudi nao nyumbani. Kasugua mipini ya miko, kingo za milango, hata stuli ya bafuni. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha, badala ya kumtazama baba usoni alikuwa anapapasa ukingo wa meza, nami nikamnong'oneza dada kwamba huyu bwana amekuja kuposa fanicha.

Vumbi la kazi hiyo limemkaa kifuani. Daktari alimwambia achague moja, rangi au mapafu. Cha kuuza alikuwa nacho kimoja tu, gari lake, alilolitoa kwenye rundo la vyuma chakavu likiwa halina milango na panya wamezaa kwenye viti. Alilijenga kwa miaka, kila Jumapili. Sasa akiliuza atafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli, asiguse tena vumbi la puti. Dada alikuwa akihesabu siku kama mtu anayesubiri mgonjwa atolewe hospitali.

Mnunuzi alipatikana, mkunga kutoka nchi jirani aliyekuja kumsalimia kaka yake. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha hadi kwenye taa, akasema, "Hili nalitaka." Msasa alifurahi mpaka akakohoa.

Laiti angekuwa mtu wa hapa hapa, ingekuwa kubadilisha jina kwenye kadi basi. Lakini gari likivuka mpaka lazima lifutwe kwanza kwenye kumbukumbu za huku. Polisi waandike kwamba si la wizi, watu wa kodi waandike kwamba halidaiwi, mkaguzi alitazame, vibao vya namba virudishwe. Na ruhusa ya mkunga kazini ilikuwa inaisha. Kesho yake alfajiri alikuwa aondoke, na gari au bila gari. Dada akanituma niongozane nao kwa sababu nina mdomo.

Tulianzia kwenye kodi. Karani alikuwa anamenya yai la kuchemsha, na maganda alikuwa anayadondoshea juu ya kadi ya gari. Alilimega, akatafuna, akalamba kidole gumba, akafungua karatasi zetu moja moja kwa kidole hicho hicho. Kiini cha yai kikabaki juu ya jina la shemeji yangu.

"Kaka, hiyo kadi siyo sahani," nikamwambia.

"Mama, ukiwa na haraka njoo kesho," akajibu, na chembe ya yai ikaruka ikatua kwenye mkono wangu.

Alivyopiga muhuri, aliupulizia kwanza kwa mdomo wazi. Nikaipokea barua kwa ncha za vidole.

Kwa polisi tukapigwa danadana. Hawaandiki barua mpaka mkaguzi aione namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari. Mkaguzi naye hagusi gari bila barua ya polisi. Nilikaa kwenye benchi mbele ya meza ya yule afande nikamwambia siondoki, na kama ana mke amwambie leo atachelewa. Mwishowe akampigia mkaguzi simu, gari likaguliwe kwanza, barua ifuate.

Uwanja wa ukaguzi ulinuka mkojo na oili. Mkaguzi alifungua boneti, akainama na tochi, akapapasa pale namba inapopaswa kuwa. Akapapasa tena. Palikuwa laini kama sahani.

"Namba iko wapi?"

Msasa alichungulia, na nikaona uso wake ukibadilika. "Ipo," akasema polepole. "Nilipolitengeneza palikuwa na kutu, pana mikwaruzo mikwaruzo. Nikapaziba kwa puti nikapasugua."

"Uliisugua namba ya gari?"

"Ilikuwa inakwaruza mkono."

Miaka yote hiyo wakaguzi wa kawaida walitazama taa na breki wakaondoka. Mimi nilishindwa kucheka wala kulia. Ni fundi gani mwingine duniani angefanya hivyo kwa ajili ya usafi?

Mkaguzi alitusogelea akashusha sauti. Nyuma ya jengo kuna kijana anagonga namba mpya, dakika chache tu, nasi tungeelewana. Alisema hivyo huku anajichokonoa sikio kwa kona ya kitambulisho chake.

"Mimi si mwizi wa gari langu," Msasa akasema. "Naibandua puti."

Akavua shati, akajifunga usoni, akachukua bisibisi na kipande cha msasa kilichokuwa mfukoni, maana hakosi. Mkunga akasema aache, kifua kile hakiruhusu, ampe yeye bisibisi. Hakumpa. Alikwangua puti yake mwenyewe, vumbi likapanda, akakohoa ameshika ukingo wa boneti, akaendelea. Nilimshikia tochi na kumlaani kila mwenye ofisi kimoyomoyo. Namba ikajitokeza, yote, katikati ya chuma kitupu kilichochubuka.

Mkaguzi akailinganisha na kadi, ikalingana. Tulidhani tumemaliza. Akatoa fomu ya mwisho.

"Hali ya gari," akasoma. "Hapa pana utata. Rangi imebanduliwa kwenye namba. Nikiandika zuri, lazima wa makao makuu waje walione, wiki ijayo. Nikiandika chakavu, linapita leo. Chakavu hakuna anayeuliza."

"Lakini si chakavu," Msasa akasema.

"Nani kasema ni chakavu? Nimesema naandika."

"Mwache aandike tu, baba," mkunga akamwambia Msasa kwa upole. "Mimi najua ninachonunua."

Mkaguzi akaandika, akausogeza wino, akaonyesha kwa kidole mahali pa sahihi, chini kabisa ya lile neno. Nilijua anachofikiria Msasa, ule uwanja wa vyuma na zile Jumapili. Halafu akakohoa, na nadhani kikohozi kile ndicho kilichomwamulia. Akasaini. Na kidole gumba nacho akakichovya.

Afande akatoa barua yake, vibao vya namba vikarudishwa, na mkunga akaondoka na gari jioni ile ile, na vibao vya muda. Msasa hakulitazama likitoka getini. Njiani alikuwa anasugua wino kwenye kidole kwa kile kipande cha msasa, nikamnyang'anya nikakitupa mtaroni.

"Shemeji, ni neno moja tu," nikamwambia. "Umeuza. Umepumzika."

"Najua," akasema. "Nimeweka sahihi kwamba ni chakavu. Katika kazi yangu yote, hiyo ndiyo karatasi pekee niliyowahi kuandikiwa."